Saa ya mkononi haijui usingizi wa Baba

Copenhagen, Jumapili

Dada Mwanaidi,

Shikamoo. Umeuliza kama ile saa inayohesabu usingizi itamfaa Baba, maana usiku anapiga mateke na makelele. Usiinunue kwa ajili hiyo.

Saa ile hutegemea zaidi mtikisiko wa mkono: mkono ukitulia, inaandika amelala. Sasa mwenye Parkinson, maradhi ya kutetemeka na kukakamaa, huweza kulala chali macho makavu hata kwa muda wa saa mbili, mwili umekakamaa hageuki, nayo ikahesabu usingizi mnono. Akianza kupigana ndotoni, naye yumo usingizini kabisa, inaandika ameamka.

Kipimo chenyewe, huku maabara, ni elektrodi, yaani vidude vya kunasa umeme wa mwili, za kichwani, kando ya macho, kidevuni, mikononi na miguuni, mikanda ya kifua na tumbo, kipima oksijeni cha kidoleni, na kamera. Ngozi husuguliwa kwanza mpaka ukinzani wake wa umeme ushuke chini ya kiloohmu 5. Mtu akija na mafuta usoni, kufika saa tisa usiku ya kidevuni imeshabanduka, na hiyo ndiyo tunayoitaka kuliko zote.

Programu ya kompyuta hukata usiku vipande vya sekunde 30, kwa hiyo aliyerekodiwa kwa muda wa saa 8 ana vipande 960, kila kimoja kipewe hatua yake ya usingizi. Usingizi wa ndoto hutambulika kwa mambo matatu: mawimbi ya ubongo yawe madogo na ya kasi, macho yaende mbio, kidevu kilegee. Kwa mtu anayepigana ndotoni hilo la tatu ndilo lililoharibika, kwa kuwa shina la ubongo halizimi tena misuli. Programu iliyofunzwa kwa watu wazima wa afya ikiona kidevu kimekaza huandika "yu macho", na kile tulichokuwa tukikitafuta kikapotea kwenye hesabu. Iliyotengenezwa vizuri huamua hatua kwa ubongo na macho kwanza, ndipo ipime msuli peke yake, sekunde 3 kwa 3. Hata hiyo bado mtu huipitia, maana anayezibwa pumzi hufurukuta vilevile anapozinduka. Mikanda ya kifuani ndiyo inayowatenganisha.

Hapo nyumbani tumia simu. Irekodi kuanzia saa tisa usiku hadi alfajiri, ndoto ndefu ziko huko. Taa iwe hafifu, simu iwe kwenye chaji, na iweke ndani ya chandarua, la sivyo utapiga picha wavu. Sauti usiizime: mkoromo ukikatika kwa sekunde 10 au zaidi, daktari lazima ajue. Akipiga kelele muite jina kwa mbali, usimshike. Akiamka papo hapo na kusimulia ndoto, andika. Akizubaa muda mrefu, andika pia.

Orodhesha dawa zote na saa anazomeza. Dawa za sonona, amitriptilini ikiwemo, huweza kuchochea hali hii, lakini usimwachishe bila daktari.

Leo hiihii godoro lishushwe sakafuni, kimeza na chemli viondoke, na Mama alale kitanda kingine. Video mbili tatu za dakika chache zinatosha. Mpelekee daktari wa mishipa ya fahamu, nami nitumie nakala.

Nisalimie wote.

Mdogo wako,
Salim