Lignini ya vumbi la mbao haijulikani kwa mizani peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nichangie mjadala wa vumbi la mbao linalorundikana kwenye viwanda vya kupasua magogo hapa Tanga na Muheza, ambalo wengine wanasema lignini yake (kitu kinachogandisha na kukakamaza nyuzi za mti) ingeweza kuchukua nafasi ya kemikali iitwayo fenoli katika gundi ya plaiwudi. Wazo ni zuri, lakini hoja inayotolewa kila mara ni ya uzito, kwamba takriban robo ya mti ni lignini. Kiasi hicho hupatikana kwa kuvunjavunja selulosi, yaani nyuzi za mti, kwa asidi ya sulfuriki ya asilimia 72 na kupima mabaki, nayo mabaki hayo hayamwambii mtengeneza gundi kama lignini yake itashika.

Gundi hiyo huundwa pale fomaldehaidi inapojishikiza kwenye pete ya kaboni ya lignini yenye haidroksili huru ya fenoli (oksijeni na haidrojeni zilizoshikamana na pete moja kwa moja), katika nafasi iliyo jirani na haidroksili hiyo. Kwa msonobari, jirani mmoja ni methoksili, kundi dogo la atomi linaloziba nafasi, na wa pili mara nyingi hayupo, hivyo nafasi ipo. Kwa miti ya majani mapana, kundi lenye mitiki yetu ya shamba la miti la Longuza, pete nyingi zimekaliwa na methoksili pande zote mbili, na fomaldehaidi hubisha hodi isifunguliwe. Hata hivyo miti ya kundi hilo hutofautiana sana, kwa hiyo mtiki upimwe wenyewe, usikadiriwe kwa vipimo vya mti mwingine. Tena njia ya kuitoa lignini nayo ina neno, kwani kuipika mbao katika alikali huvunja viungo vya etha vinavyounganisha pete hizo na kuongeza haidroksili huru za fenoli.

Kipimo kinachotenganisha vyema aina zote za haidroksili ni cha mwangwi wa sumaku wa fosforasi, ila mashine yake ni ghali mno. Ipo njia nyepesi: lignini huyeyushwa mara mbili, katika kimiminika kisicho na alikali na katika chenye alikali, kisha tofauti ya ufyonzaji wa miale ya urujuanimno, karibu na nanomita 300 na 360, hutumika kukadiria haidroksili huru za fenoli. Haidroksili za mnyororo wa pembeni, zisizo kwenye pete, njia hii haizioni, lakini kwa gundi hizo si za kwanza kutafutwa.

Naomba chuo chochote mkoani chenye spektrofotomita, mashine ya kupima ufyonzaji huo wa miale, kianze na gunia moja la vumbi la mtiki, lisilochanganywa na mbao nyingine.

Mwalimu mstaafu wa kemia,
Tanga