Shangazi, mbona hawachungulii kwanza?

Shangazi,

Sijalala tena leo. Wameshaamua: viinitete vyetu, yaani mimba changa zilizotungwa maabara, vilivyogandishwa Kampala apandikizwe mdogo wangu. Eti mji wangu wa mimba umekataa. Umekataaje, na hakuna aliyeuchungulia?

Mimi ni mkunga, usinione mjuaji. Tangu nisafishwe mimba ilipotoka, hedhi yangu ni matone tu na tumbo linanikata kila mwezi. Mkunga yeyote hapo atashuku makovu yameshikanisha kuta za ndani. Daktari alipiga ultrasaundi akasema pako safi. Lakini makovu mepesi ultrasaundi huyapita! Ukuta wa ndani umegoma kwenye unene wa milimita 6, madaktari wanataka angalau 7, basi wanazidi kuniongezea estradioli, homoni ya kuunenepesha. Palipokwanguliwa hadi tabaka la chini, hilo linalootesha ukuta, dawa itaotesha nini?

Ninachotaka ni histeroskopi. Hedhi ikikauka tu, kabla ukuta haujanenepa, kamera nyembamba ipite mlango wa kizazi, maji ya chumvi yapanue nafasi, makovu yakatwe kwa mkasi mdogo. Si kwa umeme, joto huunguza hata kile kidogo kilichobaki. Kisha kiputo cha mpira kikae ndani kama wiki moja kuta zisigusane, nimeze estradioli wiki kadhaa na projestini, homoni ya kuleta hedhi, mwishoni, halafu watazame tena baada ya mwezi mmoja au miwili, kwa kuwa makovu hurudi. Na wachukue vipande vya nyama: kimoja kwenye formalini, dawa ya kuhifadhi nyama, cha kutazama kama ukuta umewaka na kuvimba kwa muda mrefu; kingine kwenye maji ya chumvi, cha kupima kifua kikuu, maana formalini huua vijidudu. Kifua kikuu cha kizazi kipo huku kwetu. Kikionekana, dawa za miezi 6 kwanza.

Shemeji anasema ni fibroidi, uvimbe wa nyama wa mji wa mimba. Iliyoonekana imeota upande wa nje, haijagusa nafasi ya ndani. Hawasikii.

Hatari nazijua. Ukuta unaweza kutobolewa, na hata nikishika mimba, kondo linaweza kung'ang'ania pale penye kovu nikavuja damu. Nilimweleza mume wangu yote, akasema hataki kunizika. Mama mkwe anasema naringa. Naringa, kwa kuomba nitazamwe?

Saa nyingine najiambia acha abebe, ni damu yangu. Kisha hasira zinarudi. Simchukii, Shangazi. Naye alikubali mbele ya wazee, angekataaje? Mwanawe bado ananyonya.

Karatasi inangoja sahihi yangu wiki ijayo. Nikigoma kutia sahihi mpaka kamera iingie, nitakuwa nimewanyima mtoto? Na wakikuta pameshikana pote, nitawezaje kwenda kumwomba mdogo wangu kwa kinywa changu, baada ya maneno yote niliyosema humu ndani?

Mkunga, Arua