Kiingilio cha bustani ya maji sicho kinachomaliza fedha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niongee na wazazi wenzangu wa Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe kabla shule hazijafungwa mwezi Juni. Kila likizo watoto wetu wanaomba jambo moja: wapelekwe Dar es Salaam kwenye michezo ya maji, iwe Kunduchi Wet 'n' Wild au Fun City ya Kigamboni. Wazazi wengi hukataa wakidhani kiingilio ndicho kikubwa. Wengine hukubali, hubeba fedha ya nauli na kiingilio, wakarudi na madeni. Wote wameangalia fungu lisilo lenyewe. Fedha ya safari hii inaliwa na barabara, ambayo toka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, malazi, chakula, na zaidi ya yote siku zilizopangwa ovyo.

Kwa hiyo hesabu ianzie getini, irudi nyuma hadi nyumbani. Piga simu bustanini mwezi mmoja kabla na uulize mambo haya: siku gani hawafungui, maana sehemu za namna hii huweza kuwa na siku ya kufunga ili kusafisha mabwawa na kukarabati, kiingilio cha mtoto kinaishia umri au urefu gani, mtu mzima asiyeingia majini analipa kiasi gani, chakula cha nje kinaruhusiwa au la, ukitoka kula unaweza kurudi kwa tiketi ileile, na miteremko mikubwa ya kuteleza majini inataka mtoto awe na urefu gani. Andika majibu kwenye daftari pamoja na tarehe. Piga tena siku tatu kabla ya kupanda basi, maana bei za sikukuu hubadilika.

Suala la urefu lisipuuzwe, ndilo linaloliza watoto wengi getini. Azima futi ya fundi cherehani. Mtoto asimame bila viatu, visigino vikigusa mwimo wa mlango, umwekee kitabu kigumu kichwani na uchore mstari kwa chaki. Sentimita 120 ni kipimo kinachotumika sana kwa miteremko mikubwa. Mtoto wa sentimita 117 hataruhusiwa hata akilia, na pengine umekwisha kumlipia sawa na anayepanda kila kitu. Kama watoto wote wako chini ya mstari, safari ya Dar ingoje mwaka mmoja. Huko si kumnyima mtoto, ni kumtunzia.

Fedha yenyewe ianze kukaa pembeni Januari. Familia ikiweka shilingi 5,000 kila siku tangu tarehe 5 Januari hadi 31 Mei, hizo ni siku 147, itakuwa na shilingi 735,000. Iwekwe kwenye kibubu au kwenye akaunti ya simu ambayo haitumiki kwa mengine. Igawe mapema katika mafungu matano: nauli ya kwenda na kurudi, malazi, kiingilio, chakula, na usafiri wa ndani ya Dar. Ila kabla ya kugawa, toa moja ya kumi ya jumla uiweke mbali kabisa kwa ajili ya dawa na dharura. Nauli ndiyo italala juu ya mafungu mengine yote, kwa hiyo ipatikane kwanza. Ikikamilika, kata tiketi siku hiyohiyo.

Kwa nini Juni na si Desemba? Desemba mabasi yanajaa na wapiga debe wanapandisha bei wanavyotaka. Machi hadi Mei Dar ina masika. Juni mvua zimekatika, joto la pwani limepungua, na huku kwetu ni baridi kiasi kwamba watoto hawana la kufanya nje. Malizeni safari kabla ya mwisho wa mwezi huo, kwa sababu maonyesho ya Sabasaba yakianza gesti za Dar hujaa. Epukeni pia siku za Idi na Jumamosi na Jumapili, la sivyo mtoto atatumia nusu ya siku kwenye foleni ya kupanda ngazi.

Mpangilio unaokwenda vizuri ni huu. Jumatatu alfajiri mnapanda basi, usiku mnafika Kituo cha Magufuli pale Mbezi Louis na kulala hapohapo Mbezi. Jumanne asubuhi mnahamia upande wa Tegeta au Kunduchi, na siku inayobaki ni ya kupumzika na kuzoea joto. Jumatano ni siku ya maji. Alhamisi asubuhi mnafua na kuanika, mchana mnalala, jioni mnapanda basi la kurudi. Ijumaa mko nyumbani. Hapo mmelipia gesti usiku tatu tu. Kama bustani mliyochagua haifunguliwi Jumatano, sogezeni ratiba yote mbele kwa siku moja.

Wazazi wengi hufanya kinyume: huenda usiku ili kuokoa gesti, wakashuka asubuhi na kwenda moja kwa moja bustanini. Mtoto aliyelala ameketi saa 12 au zaidi haogelei, anasinzia kwenye benchi, na mzazi amelipa kiingilio ili amwangalie akilala. Usiku mmoja uokolewe wakati wa kurudi. Tena mkienda mchana, barabara inapita ndani ya Hifadhi ya Mikumi kwa karibu kilomita 50, na watoto wataona swala, twiga na pengine tembo dirishani bila kulipa senti. Wengine hutaka kurudi Jumatano hiyohiyo jioni. Msifanye hivyo. Nguo mbichi zikifungwa kwenye mfuko usiku kucha zinavunda, na mtoto aliyechoka na maji hutapika njiani.

Tiketi zikatwe kwenye ofisi ya basi au kwa mfumo wa kampuni yenyewe, zikiwa na jina na namba ya kiti. Nauli za daraja la kawaida na daraja la kati zina kikomo kinachopangwa na LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa nchi kavu; kiangalie kabla ya kulipa. Mtoto wa miaka minne apewe kiti chake, maana kumpakata toka Mbeya mpaka Mbezi kunawaumiza wote wawili. Na kuna jambo dogo ambalo wengi hawalifikirii: Juni jua liko kaskazini, hivyo basi linaloelekea Dar hupigwa na jua upande wa kushoto karibu kutwa nzima. Chagua viti vya upande wa dereva, katikati ya basi au mbele kidogo, si juu ya tairi za nyuma.

Kona za Kitonga hutapisha watoto wasiozoea. Siku hiyo chakula kiwe kikavu na kisicho na mafuta mengi: viazi vya kuchemsha, mkate, ndizi mbivu. Maziwa na soda vibaki nyumbani. Mkibeba mayai ya kuchemsha, yaliwe kabla ya Iringa, kwa sababu mkishuka Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni joto ni jingine na chakula huharibika haraka. Masweta yavuliwe hapo. Kila mtoto awe na mifuko miwili ya kutapikia, isiyotoboka.

Walio na ndugu Dar wataokoa malazi, ila waulize kwanza ndugu anakaa mtaa gani. Anayeishi Mbagala au Gongo la Mboto yuko mbali na Kunduchi, na kuvuka jiji kwa daladala asubuhi na watoto watatu kunaweza kula saa mbili na zaidi. Waliofikia Mbezi wana nafuu, maana njia ya Goba inawatoa barabara ya Bagamoyo bila kupita Ubungo. Anayekwenda Kigamboni hesabu yake ni nyingine, mara nyingi hukatiza jiji zima hadi kivuko cha Kivukoni au Daraja la Nyerere. Na kwa ndugu msiende mikono mitupu. Kilo kumi za mchele wa Kyela na maparachichi ya Rungwe ni heshima tosha, kisha muondoke siku mliyosema.

Nguo za kuogelea zisinunuliwe Dar getini. Mwanjelwa hapa Mbeya kwenye mitumba zipo, za nailoni inayonyumbulika, kwa bei ya chini sana. Fulana na suruali za pamba hunywa maji, huwa nzito na kumkwamisha mtoto katikati ya mteremko wakati mwenzake yuko njiani anakuja nyuma yake. Zipu na vifungo vya chuma hukwaruza mteremko, ndiyo maana wahudumu humrudisha aliyevaa kaptula ya jinzi. Rangi nayo ni muhimu: njano, nyekundu au chungwa. Mtoto aliyevaa bluu haonekani vizuri chini ya maji.

Hapa naomba wazazi wanisome polepole. Watoto wengi wa nyanda za juu hawajui kuogelea. Mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mikono, anatulia tu na kuzama, na dakika chache zinatosha kumpoteza. Boya la kupuliza si jaketi la kuokolea. Waokoaji wapo, lakini macho yao yanagawanyika kwa mamia ya watu. Kwa hiyo kila wakati awepo mtu mzima mmoja ambaye kazi yake ni kuangalia tu: hana simu mkononi, hali chakula, hapigi soga. Mpokezane kila nusu saa, na anayepokea aseme kwa sauti, "Sasa naangalia mimi." Mtoto mdogo asiwe mbali zaidi ya urefu wa mkono wako, hata kama maji yanamfika magotini.

Siku ya maji, kuleni vizuri saa moja asubuhi, uji na chapati na mayai, na mfike geti linapofunguliwa. Saa za mwanzo ndizo zenye foleni fupi, basi anzeni na miteremko mikubwa na kuacha mabwawa ya kawaida kwa mchana. Kama kutoka na kurudi kunaruhusiwa, chakula cha mchana kitafutwe kwa mama lishe nje. Watoto wanywe maji kila saa, maana aliye ndani ya bwawa hutoka jasho bila kujijua. Fedha itolewe kwa wakala mara moja tu ili makato yasijirudie, na simu ikae kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri.

Na mbu. Mbeya mjini na maeneo mengi ya baridi huku kwetu malaria ni kidogo kuliko pwani, na watoto wetu hawana kinga waliyo nayo watoto wanaokua na ugonjwa huo. Bebeni vyandarua vyenu, msitegemee cha gesti chenye matundu. Mkisharudi, mtoto akipata homa kuanzia wiki moja hadi mwezi baada ya safari, mpelekeni kituo cha afya siku hiyohiyo na mwambieni mhudumu kwamba mtoto alikuwa Dar. Bila kusema hivyo, homa ya Julai kwenye baridi hii huchukuliwa kuwa mafua, na malaria ya mtoto haisubiri.

Ambaye akiba yake haikufika nusu asikope. Matema, Kyela, kuna mchanga na maji ya Ziwa Nyasa chini ya milima ya Livingstone, na kwa basi toka Mbeya mnafika siku hiyohiyo. Jumamosi kuna soko la vyungu vya Wakisi pale Lyulilo, watoto wataona kazi ya mikono isiyopatikana kwingine. Waogelee kwenye mchanga wazi, mbali na midomo ya mito kwa sababu ya mamba, na mbali na matete kwa sababu ya kichocho.

Ombi langu kwa wenye bustani ni dogo. Wekeni kibao getini na mtangaze pia mapema kwa simu na magazetini: siku msizofungua, bei ya siku za kawaida na ya sikukuu, umri au urefu wa kulipa nusu, urefu wa kupanda miteremko, nguo zinazokubalika, na chakula cha nje. Kwa aliyetoka Sinza kukuta geti limefungwa ni hasara ya daladala. Kwa aliyetoka Tunduma ni akiba ya miezi mitano. Na wewe Mhariri, ukiweza kuchapisha taarifa hizo wiki ya mwisho ya Mei, wazazi wa huku watakuwa bado na muda wa kubadilisha tarehe ya tiketi.

Msomaji wako,
Soweto, Mbeya