Risala ya Kikundi cha Masomo ya Amani na Usalama wa Kimataifa, Nyegezi, Mwanza, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani,
Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa,
Wahadhiri na walimu, viongozi wa dini, wazazi, wanakikundi wenzangu, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima hata tukakutana hapa Nyegezi siku ya leo. Pili tunakushukuru wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuacha majukumu yako mengi ukaja kuketi nasi. Tunajua mialiko ni mingi msimu huu, na wewe ukakubali wa kwetu. Karibu sana.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kikundi chetu kilianza mwaka 2017. Walimu wachache wa historia na uraia walikuwa wakikutana jioni na wanafunzi wa vyuo kusoma habari za mkataba wa kupiga marufuku silaha za nyuklia, uliopitishwa New York tarehe 7 Julai mwaka huo. Leo tuna wanachama kutoka Nyegezi, Buhongwa, Igoma na Kirumba, na wengine wanavuka kutoka Sengerema. Tuna katiba, tuna usajili na tuna akaunti ya benki. Tunaomba tusikuchoshe kwa historia.

Mafanikio yetu ni makubwa. Tumeendesha midahalo katika shule za sekondari za Ilemela na Nyamagana, na tunaamini hakuna kikundi kingine Kanda ya Ziwa kilichowafikisha vijana wa kidato cha tano na sita mahali pa kubishana kwa hoja juu ya silaha za maangamizi. Mdahalo uliovuma zaidi ulihusu hoja ya Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, aliyesema katika mihadhara yake ya BBC mwaka 1979 kwamba Afrika nayo ijipatie uwezo wa nyuklia, ili wakubwa washtuke na kukubali kuzifuta silaha hizo kwa wote. Ukumbi uligawanyika. Binti mmoja wa mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) alisimama akasema Afrika Kusini ilikwisha kuwa na mabomu sita, ikayavunja yenyewe, na Rais de Klerk akautangazia ulimwengu Machi 1993, basi anayetaka kuishtua dunia aanzie kwenye mfano huo. Alishangiliwa mpaka mwenyekiti akagonga meza.

Aidha, ugonjwa wa Marburg ulipotokea kwa jirani zetu wa Kagera mwaka 2023, wanachama wetu wanaosoma fani za afya waliandaa semina kuhusu mkataba wa mwaka 1972 unaokataza silaha za kibiolojia, na kwa nini virusi vya namna hiyo vinahitaji maabara zinazolindwa. Mwanachama wetu mwingine amewasilisha mada Dodoma mbele ya wasomi, na jina la Mwanza likatajwa kwa heshima.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, zipo sauti zinazouliza watu wa Mwanza wanatafuta nini kwenye mabomu ya wakubwa. Tunaomba tuzijibu mbele yako, kwa sababu swali hilo ndilo limetukosesha msaada katika ofisi nyingi. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika kutengeneza mabomu ya kwanza ya Marekani ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, katika nchi jirani ya Kongo. Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza tarehe 13 Februari 1960 huko Reggane, katika Jangwa la Sahara, kwenye ardhi ya Waafrika. Sisi wenyewe tuna urani Namtumbo, mkoani Ruvuma. Na hapa kwetu, katika Hospitali ya Bugando kule mlimani, mionzi inatumika kutibu saratani. Kwa hiyo jambo hili limo nyumbani mwetu kwa heri na kwa shari, na kijana wa hapa ana haki ya kulielewa kwa kina.

Tena Afrika imelifanyia kazi. Mkataba wa Pelindaba, unaolifanya bara zima kuwa eneo lisilo na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo tarehe 11 Aprili 1996, wakati Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika alikuwa Mtanzania mwenzetu, Dakta Salim Ahmed Salim. Ulianza kutumika Julai 2009. Inasikitisha kwamba wanafunzi wengi tunaokutana nao wanaijua tarehe ya Hiroshima na hawajawahi kulisikia jina la Pelindaba. Wakati huohuo taasisi ya utafiti ya SIPRI ya Stockholm ilikadiria kuwa Januari 2025 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu ya kufungwa kwenye makombora na ndege, 12,241 mikononi mwa nchi tisa. Wanaosema amani imelindwa na hofu ya vichwa hivyo wana hoja zao, na wanaosema tumeponea bahati wana zao, kama usiku wa Septemba 1983 ambapo ofisa wa Kisovieti, Stanislav Petrov, aliona mitambo ikimwambia makombora ya Marekani yanakuja, akaamua kuwa ni kosa la mitambo. Alikuwa sahihi. Mambo haya hayasomwi kwa kusikia redioni. Yanataka vitabu, majarida, meza na utulivu.

Hapo ndipo lilipo ombi letu, Mheshimiwa Mgeni Rasmi.

Hatuna mahali pa kusomea. Vitabu vyetu vimo kwenye tranka mbili za bati nyumbani kwa mtunza hazina, chini ya kitanda. Masika iliyopita maji yaliingia. Fotokopi yetu pekee ya maandishi ya Thomas Schelling, mchumi wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 na ambaye kila anayeandika juu ya kuzuia vita kwa tishio lazima apitie kwake, ililowa. Kurasa zimegandana kuanzia katikati, na wino wa pembeni, alipoandika mhadhiri mmoja aliyetuachia nakala hiyo, umesambaa wote. Wanachama wanaoandika tasnifu wanasoma kwenye simu kwa bando la kununua, na makala moja ya jarida la nje mara nyingi inauzwa kwa dola 30 na kuendelea. Zipo programu za kimataifa zinazotoa majarida hayo bure au kwa bei ndogo kwa nchi kama yetu, lakini zinahudumia taasisi, siyo mtu mmoja mmoja. Bila chumba chenye anwani, umeme na intaneti hatuwezi hata kujaza fomu ya kuomba.

Hatukukaa tukinyoosha mikono. Mtaa ulitupatia kiwanja cha kujenga chumba hicho cha kusomea, na tunamshukuru Mwenyekiti aliyepo hapa. Mawe ya msingi tuliyavunja wenyewe siku za Jumamosi, na mawe Mwanza hayana upungufu. Tofali tulifyatua kwa michango yetu. Boma likapanda mpaka lenta, likaishia hapo. Mheshimiwa, ukitoka hapa tunaomba upite ulione, ni hatua chache nyuma ya ukumbi huu. Majani yameota juu ya lenta, na tofali za upande wa ziwani, unakopiga upepo wa mvua, zimeanza kumomonyoka kiasi kwamba ukipitisha kidole zinabaki mchanga mkononi.

Tunaomba uturuhusu tuseme kwa adabu zote jinsi lilivyofika hapo. Mgeni rasmi aliyetangulia alisimama mahali hapahapa akaahidi bati zote. Tulipiga makofi, tukamvisha mgolole, picha zikapigwa. Aliyemfuata aliahidi mbao, kompyuta na kuunganishiwa intaneti, akasema kabla ya mwaka kwisha tutamwalika kuzindua. Barua za kukumbusha tumeandika na nakala tunazo. Kwenye simu tuliambiwa suala linafanyiwa kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hasara yetu haikuwa kukosa bati peke yake. Mfanyabiashara mmoja wa samaki, mzazi wa mwanachama wetu, alikuwa tayari kutupaulia boma. Aliposikia ahadi imetolewa hadharani na mtu mkubwa, akaona sisi tumekwisha kusaidiwa, akazipeleka bati zake kwingine, na hatuwezi kumlaumu. Wanachama nao wakapunguza michango, kila mmoja akisema tusubiri. Schelling huyohuyo ambaye kurasa zake zimegandana alifundisha kwamba tishio lina nguvu pale tu anayetishiwa anapoamini litatekelezwa, na ahadi vilevile. Sisi tuliamini, na kwa kuamini kwetu boma limenyeshewa misimu yote hiyo.

Kwa hiyo leo tunaomba kitu kimoja, na tunakiomba kwa vipimo. Makisio ya fundi ni bati 80 za geji 28, kofia zake, mbao za kenchi na misumari, jumla shilingi milioni 6.8 pamoja na ufundi. Orodha imeambatanishwa kwenye nakala yako ya risala hii. Sisi tumekwisha kuweka benki shilingi milioni 1.2, na vibarua tutakuwa sisi wenyewe. Madirisha, umeme na intaneti tutavitafuta baadaye kwa mpango wetu. Vitabu vya kuanzia vipo, tunachotaka ni paa la kuviweka chini yake kabla mvua za vuli hazijaanza.

Iwapo kwa nafasi yako unaweza kutoa zote, tutashukuru. Iwapo unaweza nusu, utamke nusu, na sisi tutajua pa kutafuta nusu nyingine. Na iwapo mwaka huu haiwezekani, tunakuomba kwa heshima kubwa utuambie leo, ili yule mzazi wetu tumrudie bila kumficha kitu. Tunaomba pia utakachotamka kiandikwe kwenye kitabu cha wageni pamoja na tarehe ya utekelezaji na namba ya simu ya msaidizi atakayefuatilia. Katibu wetu anacho kitabu hicho mezani.

Maombi mengine ni madogo. Tunaomba utusemee kwa wakuu wa shule waturuhusu kuendesha midahalo saa za shughuli za vikundi, na uwakaribishe wataalamu wa mionzi waje kuzungumza na wanafunzi wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kutusikiliza kwa utulivu. Baada ya risala hii tunaomba uongozane na fundi na mwenyekiti wa kamati ya ujenzi mpaka kwenye boma, kisha urejee ukumbini kwa chakula na ngoma.

Risala hii imeandaliwa na kamati ya utendaji na kusomwa kwako na Katibu Msaidizi wa kikundi.

Tunaomba kuwasilisha.