Barua ya wazi kwa shemeji anayetaka kusia kila kitu Jumamosi

Kwako shemeji,

Salamu nyingi. Picha uliyonitumia nimeipata: meza imejaa pakiti za nyanya, hoho, pilipili kali, vitunguu, karoti, matango, mrehani, maua ya petunia na alizeti, na pembeni trei mpya zinang'aa hazijawahi kuona udongo. Chini yake umeandika, "Jumamosi nasia zote." Dhumuni la barua hii ni kukuzuia, na naiweka hadharani kwa sababu kila majira ya kuchipua yanapokaribia si wewe peke yako mwenye mpango huo.

Kabla hujachana pakiti hata moja, tafuta tarehe moja tu: siku ambayo kwa kawaida jalidi ya mwisho, yaani baridi ya kugandisha, hupiga eneo lako. Idara ya hali ya hewa huwa na kumbukumbu, na jirani mwenye bustani anaijua kwa kichwa. Ni wastani, si ahadi, lakini inatosha. Izungushie duara kwenye kalenda, kisha hesabu wiki kurudi nyuma. Vitunguu vya mbegu na petunia ndio wa kwanza, wiki 10 hadi 12 kabla. Hoho, pilipili na biringanya, wiki 8 hadi 10. Nyanya, wiki 6 hadi 8. Mrehani karibu na hapo. Matango na maboga ni wiki 3 au 4 tu, tena kila mbegu ndani ya kikopo chake, maana mizizi yake haitaki kusumbuliwa. Karoti na figili hazipiti kwenye trei kabisa. Zisie palepale zitakapokulia, kwa sababu mzizi wa karoti ukikunjika ungali mchanga, utavuna karoti yenye miguu miwili. Njegere nazo ni za moja kwa moja ardhini, na hizo hazingoji hata jalidi iishe. Alizeti nayo isie bustanini, ila baada ya baridi kuondoka.

Najua utanijibu kwamba ngoja ngoja huumiza matumbo. Shemeji, tango lililosiwa miezi miwili mapema hugeuka mmea mrefu unaotambaa usio na pa kwenda, mizizi imejizungusha ndani ya kikopo, na siku ya kulipandikiza linaduwaa. Lile la jirani aliyesia mwezi mmoja nyuma yako linalipita huku unaangalia.

Jambo la pili ni joto, na hapa namaanisha joto la udongo, si la chumba. Nyanya huota vizuri udongo ukiwa na nyuzi joto 21 hadi 27 za Selsiasi. Pilipili hupenda zaidi ya hapo kidogo. Kwenye udongo wa nyuzi 15 inaweza kukaa wiki kadhaa bila kuonyesha dalili, na wewe utadhani umeuziwa mbegu mbovu. Letusi ni kinyume chake: udongo ukizidi nyuzi 27 hivi, mbegu nyingi hulala tu. Kwa hiyo trei zote kupangwa sehemu moja yenye joto, kama watu wanavyopenda kufanya, kuna atakayefurahi na kuna atakayegoma. Kina cha kufukia ni mara mbili au tatu ya unene wa mbegu. Zile za petunia na letusi usizifukie: zinataka mwanga ili ziote, zikandamize tu kwa kidole zishikane na udongo ulio na unyevu.

Sasa kuna siku utaamka ukute udongo umepasuka kidogo na shina jeupe limejikunja linasukuma kutoka, kichwa kikiwa bado chini. Kufikia jioni limesimama, na mara nyingine ganda la mbegu limeng'ang'ania kwenye majani mawili ya kwanza. Usilivute kwa nguvu. Lilowanishe kwa tone la maji, litalegea. Siku hiyohiyo ndipo kazi halisi inapoanza, kwa sababu mbegu iliyokuwa inadai joto sasa inadai mwanga, na inaudai mara moja. Ukiiacha gizani siku mbili inarefuka, inapauka na kulala. Dirisha zuri lina mwanga wa upande mmoja tu, na mwishoni mwa baridi siku bado ni fupi, ndiyo maana miche mingi ya dirishani huwa na shingo ndefu. Taa za kawaida za LED au za mirija zinatosha. Zining'inize sentimita 5 hadi 10 juu ya majani, ziwake saa 14 hadi 16 kwa siku, na uzipandishe kadiri miche inavyorefuka. Usiku uzizime, mche nao unahitaji giza lake. Halafu kuna jambo utakalolicheka: pitisha kiganja taratibu juu ya miche mara kadhaa kwa siku. Mche unaoguswaguswa hufupika na kunenepa shina, kama vile umepigwa na upepo.

Upepo wenyewe pia unautaka, na sababu yake ni kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina la mche. Hicho ndicho kinachoua miche mingi ya nyumbani kuliko wadudu wote. Jioni umeiacha mizima, asubuhi imelala kifudifudi, majani bado ya kijani. Ukiinama kutazama utaona shina limenyong'onyea pale linapogusa udongo, limekuwa jembamba kuliko uzi. Mche huo haurudi. Vimelea vyake hukaa kwenye udongo wa zamani na trei chafu, na hushamiri panapokuwa na baridi na majimaji. Kwa hiyo tumia udongo wa kitalu mpya, mwepesi, usiuchote bustanini. Trei zilizotumika zioshe kwa dawa ya klorini, sehemu 1 kwa maji sehemu 9. Mfuniko wa plastiki uondoe mara mbegu zinapochomoza. Na maji yanyweshwe kutoka chini: weka trei kwenye beseni lenye maji, ikishalowa juu iondoe. Udongo wa juu ukipauka kabla hujamwagilia tena, hujakosea kitu. Watu wanaopenda sana mimea yao ndio wanaoizamisha.

Majani yale mawili ya kwanza si majani halisi. Subiri jozi inayofuata, ile inayofanana na mmea wenyewe, ndipo uhamishie kwenye vikopo vikubwa na kuanza mbolea ya maji kwa nusu ya kipimo. Ukiushika mche, shika jani. Jani likichanika litaota jingine, shina likibonyezwa ndio mwisho.

Wiki moja hadi siku 10 kabla ya kupandikiza, miche ianze kutoka nje. Siku ya kwanza saa moja au mbili kivulini, pasipo upepo, kisha uongeze kidogo kidogo hadi ilale nje. Ukiitoa ghafla juani majani hubabuka meupe mchana mmoja. Mrehani uwe wa mwisho; usiku wa chini ya nyuzi 10 unatosha kuupiga majani yakawa meusi. Nyanya unapoihamishia ardhini ifukie hadi karibu na majani ya juu, shina lote litatoa mizizi. Usijaribu hivyo kwa letusi, itaoza.

Rozimari na mnanaa usihangaike na mbegu. Kata kipande cha tawi changa, toa majani ya chini, chomeka. Mnanaa hata kwenye glasi ya maji hutoa mizizi, ila kaa ukijua kwamba ukiuweka ardhini bila chungu, mwaka kesho bustani ni yake na wewe ni mgeni.

Pakiti ya vitunguu naona ni ya zamani. Mbegu ya kitunguu huanza kuchoka baada ya mwaka mmoja au miwili, tofauti na nyanya inayovumilia miaka minne na zaidi. Chukua 10, zikunje kwenye karatasi ya tishu yenye unyevu, zitie kwenye mfuko wa plastiki mahali penye uvuguvugu. Zikiota chini ya 5 baada ya wiki mbili, nunua nyingine.

Na andika lebo, shemeji, kwa penseli, maana wino wa kalamu nyingi hufifia juani. Miche ya hoho na ya pilipili kali inafanana mno. Usipoandika, tofauti utaijua siku ya kula.

Nisalimie dada na watoto.