Simu za biro zinakatika, musikimbilie kununua mega

Bwana Mhariri,

Hapa Lubumbashi saa nne ya asubuhi ikifika, biro nyingi ni kelele ileile tu, "alo, alo, unanisikia?", patroni anakasirika, anagombeza kampuni ya intaneti, kisha anaongeza mega (megabiti kwa sekunde, ndiyo mwendo wa laini) na shida inabaki palepale. Mimi nafunga rezo za biro mjini hapa na nasema wazi, pesa nyingi zinaenda bure, sababu simu haina shida ya mega, iko na shida ya foleni.

Simu moja ya IP, ile inayopita kwa intaneti, yenye kodeki G.711 (namna ya kugeuza sauti kuwa data) inakula kama kilobiti 90 kwa sekunde kwenda na 90 kurudi, pamoja na vichwa vya pakiti, yaani anwani inayobandikwa kwa kila kipande cha data. Simu tano hazifiki nusu mega. Kwa hiyo mega mbili za kutuma zinatosha kabisa, mpaka pale kontable anaanzisha bakapu ama mtu wa komasyo anapandisha video. Sauti inatoka pakiti 50 kila sekunde, ndogondogo, zinakuta modemu imejaa pakiti kubwa za bakapu na zinasimama nyuma yake, sawa taksi iliyoingia katikati ya makamyo ya shaba kwenye barabara ya Kasumbalesa. Bafa, yaani nafasi ambamo modemu inawekea pakiti zinazongoja, ikiwa ya megabaiti moja na ikijaa kwenye laini ya mega mbili inachukua sekunde 4 kumwagika, na ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inashauri sauti isichelewe zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Hapo mazungumzo gani tena?

Sasa mafundi wengi wanaweka kipaumbele cha sauti ndani ya ruta, hakuna kinachobadilika, halafu wanatangaza kwamba QoS, yaani huko kupanga nani apite mbele, ni uongo. Si uongo, ila foleni iko kwa modemu na wao wanapanga kwa ruta, ruta inapitisha kila kitu jinsi kinavyokuja sababu yenyewe haijaona msongamano wowote. Lazima ruta ibanwe chini kidogo ya mwendo wa kweli wa laini, sema asilimia 90, mega 1.8 kwa laini ya mbili, na huo mwendo upimwe saa za kazi, usisome ile iliyoandikwa kwa faktire. Hapo foleni inahamia kwako, na pakiti za sauti zenye alama ya EF (namba 46 katika DSCP, sehemu ya kichwa cha pakiti inayosema ipewe nafasi gani) zinapita mbele. Ziwekewe na kikomo pia! Nimeona biro ambapo laptop ya patroni nayo imepewa alama ya sauti, sinema zake zinapita mbele ya wateja.

Biro ndogo isiyo na sentrale ya simu, inayopiga kwa WhatsApp tu, haihitaji sheria nyingi. CAKE ama fq_codel, programu za kupanga foleni, ziko ndani ya OpenWrt (programu ya bure ya kuendesha ruta) na ndani ya ruta za MikroTik zenye RouterOS 7, zinagawa foleni kwa kila mazungumzo ya data na yale membamba, yenye pakiti chache kama sauti, yanatoka haraka yenyewe. Lakini kikomo cha mwendo bado unakiweka.

Dawa hii haiponeshi yote. Kwa 4G mwendo unapanda na kushuka, kwa hiyo unabana chini zaidi na unakubali hasara. Kwa VSAT, intaneti ya satelaiti ya kule kwenye migodi, satelaiti iko kilomita 35,786 juu, sauti inatumia robo ya sekunde njiani hata laini ikiwa tupu, hiyo hakuna fundi wa kuipunguza.

Basi wapatroni, mbele ya kusaini abonoma kubwa, mwambie fundi wako aanzishe bakapu huku wewe uko kwenye simu na ping, kipimo cha muda wa pakiti kwenda na kurudi, inatembea kwenye skrini. Kama ping inaruka kutoka milisekunde 40 mpaka 2000, usisaini. Mrudishe kwa ruta kwanza, na umlipe bakapu ikiwa bado inatembea na sauti iko safi.

Fundi wa rezo,
Komini ya Katuba, Lubumbashi