Shaba za Benin zinatuhusu, tena sana

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika katika ukurasa huu kwamba gazeti linapoteza karatasi kwa habari za Uholanzi kuirudishia Nigeria vitu 119 vya ufalme wa Benin, vilivyochukuliwa na Waingereza kwa vita mwaka 1897. Alisema hayo ni mambo ya Afrika Magharibi, sisi yatuhusu nini? Nimefundisha historia kwa miaka mingi na swali hilo nimelisikia darasani mara nyingi. Linastahili jibu.

Yupo mtu mmoja anayetuunganisha na Benin moja kwa moja, naye ni Harry Rawson, admirali wa Uingereza. Agosti 1895 aliongoza kikosi kilichoivunja ngome ya Mbaruk bin Rashid Mazrui, kiongozi aliyewaasi Waingereza, kule Mwele, bara ya Mombasa. Mwaka uliofuata, tarehe 27 Agosti 1896, ni meli zake zilizopiga mizinga jumba la Sultani pale Unguja ili kumng'oa Khalid bin Barghash, aliyetwaa kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Kazi ilikwisha kwa muda usiofika saa moja, na upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Meli yake kuu iliitwa St George. Kabla miezi sita haijatimia, Februari 1897, Rawson na St George yake walikuwa pwani ya Benin, na kikosi cha watu wapatao 1,200 kikapenya msituni kuelekea mji wa Oba, mfalme wa Waedo, yaani wenyeji wa Benin. Mkono uliobomoa Unguja ndio uliochoma Benin. Kama hilo halituhusu, basi sijui linalotuhusu ni lipi.

Nieleze kwanza kwamba Benin ninayoizungumzia ni mji ulio kusini mwa Nigeria ya leo, katika jimbo la Edo. Jamhuri ya Benin, ambayo zamani ilikuwa Dahomey, ni nchi nyingine.

Vita vile husimuliwa kana kwamba vilianza Januari 1897, pale James Phillips, kaimu konsuli wa Uingereza, aliposhambuliwa njiani na karibu msafara wake wote ukauawa. Alikuwa ameambiwa asubiri, kwa kuwa Oba alikuwa katika msimu wa matambiko, naye akakataa kusubiri. Lakini Novemba 1896, Phillips huyohuyo alikwisha kuandika London akiomba ruhusa ya kumwondoa Oba katika kiti chake, na akaongeza kuwa anatarajia pembe za ndovu zitakazokutwa ikuluni zitatosha kulipia gharama. Barua hiyo ipo. Nawasihi walimu wenzangu waanze somo hapo. Mji ulitekwa tarehe 18 Februari, ukaungua, na Oba Ovonramwen akahamishiwa Calabar, alikokaa mpaka kufa kwake mwaka 1914. Vitu vya ikuluni vilichukuliwa kwa maelfu. Vingine viligawanywa kwa maofisa na vingine vikauzwa Ulaya.

Ni vitu gani hasa? Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu picha mnazochapisha huwa na maelezo ya mstari mmoja tu.

Kuna mabamba ya shaba, mamia kwa mamia, ya karne ya 16 na ya 17. Yalipigiliwa kwenye nguzo za mbao za ikulu. Bamba moja linaweza kumwonyesha shujaa amevaa mkufu wa meno ya chui na kengele kifuani, wasaidizi wake pembeni wamefanywa wadogo ili ujue nani mkubwa. Jingine lina Mreno mwenye nywele ndefu na ndevu, ameshika bangili nzito za shaba. Bangili hizo zilikuwa fedha ya biashara: Wareno walizileta, wakachukua pilipili, pembe na watu. Tusilifiche hilo la watu, maana liko ndani ya shaba yenyewe. Mafundi waliziyeyusha wakatengeneza kazi zao, na uchunguzi wa kisayansi uliotolewa mwaka 2023 umeonyesha kwamba shaba ya bangili za aina hiyo ilichimbwa katika eneo la mto Rhein, Ujerumani. Katika ufalme usiokuwa na maandishi yake, mabamba haya yalikuwa kumbukumbu za serikali. Walioyabeba mwaka 1897 waliyatawanya kama kurasa zilizochanwa kitabuni, hii ikaenda London, ile Berlin, nyingine Vienna.

Utengenezaji wake unahitaji mkono wa subira. Fundi huanza na kiini cha udongo, akakivika nta ya nyuki, na ndani ya nta hiyo akachora kila kitu: kope, shanga, msuko wa nywele. Halafu hupaka udongo laini sana, tabaka baada ya tabaka, kisha udongo mzito. Ukipashwa moto, nta huyeyuka na kutoka, na shaba iliyoyeyushwa humiminwa mahali ilipokuwa. Ili kukitoa kitu, lazima kalibu ivunjwe. Kwa hiyo kila kazi ni ya pekee. Zamani chama cha mafundi hao kilimfanyia kazi Oba peke yake, na mtaa wao, Igun, upo mpaka leo katika mji wa Benin. Bado wanasubu shaba.

Nisiache sura ya Idia, iliyochongwa kwa pembe ya ndovu, urefu wake karibu sentimita 24. Idia alikuwa mama wa Oba Esigie, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 16. Alimsaidia mwanawe katika vita, naye Esigie akamwekea cheo cha Iyoba, mama wa mfalme. Sura zake mbili maarufu ziko London na New York. Ile ya New York ina taji la vichwa vidogo vya Wareno vilivyopishana na kambare, samaki anayeishi majini na kwenye tope, kama Oba alivyo kati ya watu na ulimwengu wa mizimu. Ile ya London ndiyo ilikuwa nembo ya tamasha la sanaa za Waafrika lililofanyika Lagos mwaka 1977. Nigeria iliiomba kwa mkopo tu, ikanyimwa. Bado inaniuma kuandika hivyo.

Kuna hoja inayorudiwa sasa, kwamba vitu visirudi kwa sababu Wanigeria wenyewe hawajaelewana nani avitunze. Ni kweli kwamba mwaka 2023 Rais Buhari aliamuru umiliki uwe wa Oba, na baadhi ya taasisi za Ulaya zikasita. Chuo Kikuu cha Cambridge kikaahirisha makabidhiano yake. Mimi sioni hoja hapo. Vitu vilitolewa ikuluni, na ikulu ingali na mwenyewe: Ewuare II, wa ukoo wa Ovonramwen. Ubishi kati ya ikulu, serikali na majumba ya makumbusho ni wa Wanigeria kuumaliza, na haumpi haki ya kubaki na mali mtu aliyeipata kwa vita. Ujerumani ililielewa hilo mwaka 2022 ilipokabidhi umiliki wa vitu zaidi ya 1,000. Jumba la Makumbusho la Uingereza bado linajikinga kwa sheria ya mwaka 1963, inayolizuia kutoa mali yake.

Jumba hilohilo linayo Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo wa Mto Tana, iliyochukuliwa na maofisa wa Kiingereza mwanzoni mwa karne iliyopita. Wazee wa Kipokomo wanaidai. Wanakutana na sheria ileile ya 1963 ambayo Waedo wanakutana nayo, na kila hatua inayopigwa kwa shaba za Benin inawafungulia njia.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, habari hizi ziendelee, tena kwa upana zaidi. Mkichapisha picha ya kitu cha Benin, tuambieni kinamwonyesha nani, kilitengenezwaje na kiko wapi leo. Na mtume mwandishi Mto Tana akazungumze na wazee kuhusu Ngadji, wakiwa bado wapo wa kuieleza.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga